Nguo Kavu Kutoka Mtoni

Katika miaka yote niliyoshona na kupanga maleba ya michezo ya kuigiza, sikuwahi kupata kazi ngumu kama ile ya kuifanya hadhira ione kwamba nguo za mtu ni kavu.

Kisa chenyewe kinajulikana na wengi waliosoma shule za Tanzania. Wazee waliohojiwa katika miaka ya 1960 kuhusu Vita vya Maji Maji walisimulia kwamba mwaka 1904 Kinjeketile Ngwale, mkazi wa Ngarambe, alipandwa na pepo Hongo, akaburuzwa kwa tumbo hadi majini na kuzama, watu wa nyumbani kwake wakimvuta wasimweze. Waliojua kuogelea walipiga mbizi, wakamtafuta chini, wakarudi mikono mitupu. Kesho yake asubuhi alitoka mwenyewe, mzima wa afya, na nguo alizokuwa amevaa zilikuwa kavu vilevile. Alitoka na habari za dawa ya maji ambayo ingewaunganisha watu na kuwakinga na risasi za Wajerumani. Ebrahim Hussein aliandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, na kila kikundi kinachoamua kuipandisha jukwaani hurithi pamoja nayo muujiza huo wa nguo.

Mimi niliurithi nilipokabidhiwa maleba ya kikundi cha vijana hapa Dar es Salaam. Mwongozaji hakuona tatizo lolote. Alisema mwigizaji mmoja atamgusa Kinjeketile, atashangaa kwa sauti, na watu wataelewa. Nilimjibu kwamba jukwaani kila nguo ni kavu. Yule anayetoka mtoni ni mkavu, mkewe ni mkavu, askari ni mkavu, na aliyeketi safu ya tano naye ni mkavu. Ukavu wa mtu mmoja katikati ya wakavu thelathini hauonekani hata ukitangazwa kwa ngoma. Kwa wiki mbili nzima sikuwa na jibu, nikaamua kuanza na mengine huku hilo likiniwasha kichwani.

La kwanza lilikuwa kuamua watu wa Ngarambe walivaa nini. Hapa naomba niseme jambo ambalo limenikera kwa muda mrefu. Katika maonesho mengi ya historia ambayo nimeyaona, hasa ya wanafunzi, babu zetu huvishwa sketi za katani, hupakwa chaki usoni, na hufungwa vipande vya ngozi bandia yenye madoa ya chui, kana kwamba nguo zilianza kuvaliwa baada ya Uhuru. Mwaka 1905 watu wa kusini mwa pwani walikuwa wameshazoea vitambaa vya dukani kwa vizazi. Kulikuwa na merikani, pamba isiyopaushwa ambayo jina lake linatokana na Marekani, kwa kuwa ndiko ilikotoka kwanza, kabla viwanda vya Bombay navyo havijaanza kufuma ya kwao. Kulikuwa na bafta, nyeupe zaidi na laini zaidi. Na kulikuwa na kaniki, iliyokuja kutoka India, ya buluu iliyokolea hadi ikakaribia weusi.

Kisha likanijia jambo ambalo nilipaswa kuliona siku ya kwanza. Kilichowachosha watu hadi wakashika silaha ni pamba. Walilazimishwa kulima mashamba ya pamba chini ya usimamizi wa akida na viboko vya askari, kwa malipo ambayo hayakuwa malipo, na Julai 1905, huko Nandete kwenye milima ya Matumbi, ishara ya kwanza ya vita ilikuwa kung'oa miche ya pamba. Watu hao hao walikuwa wamejifunga pamba iliyofumwa ng'ambo. Wanalima nyuzi wasizozivaa na wanavaa nyuzi wasizozilima. Tangu hapo sikuweza tena kuiona nguo katika mchezo huu kuwa ni pambo la mwigizaji. Nikakata shauri kwamba kila uzi utakaopanda jukwaani utakuwa wa pamba, hata uzi wa cherehani, na nikawa mkali kuhusu jambo hili kuliko ilivyonipasa. Mwigizaji mmoja alikuja na shuka ya polyesta aliyoazima nyumbani, nikamrudisha nayo. Kwenye mwanga mkali polyesta hung'aa kama mgongo wa samaki, na mtu akionekana anang'aa huwezi kumwambia hadhira kwamba ana njaa.

Nilikwenda Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, kununua kaniki. Muuzaji alinipimia, akakunja, kisha akainama kidogo akaniuliza kwa sauti ya chini kama mganga ameagiza na nyeupe na nyekundu pia, maana angeweza kunifungia zote pamoja kwa bei nzuri. Sikumlaumu. Anayenunua doti nyingi za kaniki kwa mkupuo mmoja siku hizi ni nadra awe na shughuli nyingine. Nilipofika kwa fundi ninayefanya naye kazi, mzee aliyeanza kushona kabla sijazaliwa, aliipokea shikamoo yangu, akakichukua kitambaa, akakisugua kwa kidole gumba kilicholowa mate, akaangalia kidole.

“Hii haichuji sana,” alisema. “Ya zamani, mwanangu, ukiivaa siku ya jua unarudi nyumbani mabega yako buluu.”

Haichuji sana, ila ilichuja. Baada ya wiki moja ya mazoezi vijana wote walikuwa na mstari wa buluu begani, na mama wa mmoja wao alinipigia simu kuuliza kama mwanawe amejiunga na kitu gani.

Siku ya zoezi la kwanza la maleba na taa niliketi safu ya tano, mahali ninapoketi kila mara, kwa sababu yaliyo mbele ya hapo hudanganya. Pazia la nyuma la ukumbi ule lilikuwa jeusi, la mahameli, na halikuwa na mbadala. Watu wa Ngarambe waliingia, wakasimama mbele ya pazia lile, wakatoweka. Niliona vichwa, niliona mikono, niliona miguu kuanzia magotini, na katikati hapakuwa na mtu. Mjadala mzito wa Kitunda, mmoja wa wahusika wa tamthilia, na wenzake kuhusu vita ulikuwa unafanywa na mikono inayoelea.

Wajapani wana wasaidizi wa jukwaani katika kabuki wanaoitwa kurogo, ambao huvaa nyeusi tupu hadi usoni, na hadhira imekubaliana nao kwamba mweusi hayupo: anaweza kuingia katikati ya mchezo, akaondoa kigoda, akamrekebisha mwigizaji joho lake, na hakuna aliyemwona. Uzuri wa desturi hiyo ni kwamba weusi wenyewe haujashikiliwa kama sheria. Kwenye mandhari ya theluji wasaidizi hao huvaa nyeupe, na kwenye mandhari ya bahari huvaa buluu, kwa sababu kinachomficha mtu ni kufanana na kilicho nyuma yake, wala si rangi fulani. Mimi nilikuwa nimewashona mashujaa wa Maji Maji kuwa kurogo bila kujua.

Mwongozaji alipendekeza tuwavishe rangi angavu. Nilikataa, na nafikiri hapo ndipo tulipoanza kuelewana vibaya na kufanya kazi vizuri. Badala ya kuiacha kaniki, niliamua kuizeesha. Kijiji hakiwezi kuwa na watu thelathini waliovaa kaniki iliyonunuliwa siku moja. Kuna aliyeipata mwaka huu, kuna anayeivaa kwa mwaka wa nne, kuna aliyerithi ya marehemu na ameitoa pindo mara mbili. Nilizigawa nguo katika mafungu matano. Fungu la kwanza halikuguswa. La pili lilifuliwa mara sita kwa maji ya moto na kuanikwa juani bila kugeuzwa, ili upande mmoja upauke kuliko mwingine, kama nguo inavyopauka mgongoni mwa mtu anayelima ameinama. La tatu lilisuguliwa kwa jiwe la kusugulia miguu mahali ambapo nguo huchoka kwanza: kwenye fundo kifuani, kwenye makalio, na pale mama anapofungia mbeleko. La nne lilipitishwa kwenye jiki iliyozimuliwa. Jiki ilinishangaza, kwa sababu badala ya kuifanya kaniki kuwa buluu hafifu iliitoa ikiwa na wekundu wa kutu, rangi ambayo mafundi wa nguo Dar es Salaam wangeiita ndugu mdogo wa damu ya mzee. Nilitaka kuzitupa, kisha nikazishika karibu na picha ya udongo wa Matumbi, nikaziacha. La tano lilikuwa matambara ya mafungu mengine, yaliyoungwa kwa viraka.

Kazi hiyo ilichukua siku kumi na moja, na mikono yangu ilibaki na harufu ya jiki hadi kwenye ugali. Lakini zoezi lililofuata, mbele ya pazia lile lile jeusi, watu walionekana. Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba hata kaniki mpya zilionekana. Mweusi aliyesimama peke yake mbele ya weusi hupotea, ila ukimweka kati ya mwenye nguo ya kutu na mwenye nguo iliyopauka, jicho humtafuta lenyewe na kumkuta. Sikuwa nimezigusa nguo zake hata kidogo. Nilikuwa nimewabadilisha majirani zake.

Ninaposhika rangi huwa naikumbuka lugha yetu. Kiswahili kina rangi tatu zinazobeba viambishi kama sifa nyingine yoyote: tunasema mtu mweusi, kitambaa cheupe, maua mekundu. Zilizobaki tumeziazima kwenye vitu: kijani kwa majani, kijivu kwa majivu, kahawia kwa kahawa, manjano kwa bizari, zambarau kwa tunda. Na hizo tatu za asili ndizo za mganga, ndizo alizotaka kunifungia muuzaji wa Kariakoo, na ndizo za kisutu, kanga ya bibi harusi wa pwani. Kwa hiyo mwongozaji aliposema anataka wanawake wa kijijini wawe na kisutu mahali penye sherehe ya kugawa maji, nilielewa anachokitafuta. Tatizo ni kwamba bendera ya Dola ya Ujerumani mwaka 1905 ilikuwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Tuliijaribu. Bendera ilipopandishwa nyuma ya wanawake wale ilionekana kama nguo yao iliyoanikwa.

Niliiondoa rangi nyekundu kwa kila mtu. Hakuna kilemba chekundu, hakuna ushanga mwekundu, hata kibuyu chenye mkanda mwekundu nilikipaka masizi. Wekundu pekee ndani ya mchezo mzima ulikuwa ule wa bendera, na ukakaa pale juu kwa saa moja na nusu bila mshindani. Wanawake walivaa merikani niliyoitia rangi ya chai, ambayo kwenye taa ya joto huonekana kama ngozi ya ndizi iliyoiva, na kanga chache zenye vidoadoa bila maandishi. Kuhusu maandishi nililazimika kupigana, kwa kuwa kila dada alikuwa na kanga anayoipenda, na kila kanga ilikuwa na jina lake kwa herufi kubwa za Kirumi kana kwamba ni barua kwa hadhira. Kanga zilipoanza kuandikwa ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu, na herufi za Kirumi zilikuja baadaye. Mwaka 1905 huwezi kumvisha Bi Kitunda kanga inayomsema jirani kwa hati ya leo. Zile tulizozihitaji sana tuliziviringisha hadi jina likaingia ndani ya pindo la kiunoni.

Kuhusu taa nitasema kidogo, maana taa si kazi yangu, ingawa hakuna anayeniharibia kazi kama taa. Fundi wetu wa taa alikuwa na taa mpya za LED, ambazo hubadilika rangi kwa kubonyeza kitufe, na kijana mwenye kitufe hukibonyeza. Kwenye mandhari ya usiku alimwaga buluu. Kaniki ikainuka na kuwaka, maana nguo ya buluu kwenye mwanga wa buluu hurudisha mwanga huo kuliko nguo za rangi nyingine, na kwa mara ya kwanza watu wangu walionekana wamevaa sare za klabu ya mpira. Nguo za fungu la nne, zile za kutu, zikafa na kuwa nyeusi, kwa sababu wekundu hauna cha kurudisha pale ambapo hakuna mwanga mwekundu. Damu ya majeruhi, ambayo mwongozaji aliigharamia, ikawa kama lami. Tulikaa pamoja usiku mmoja na vipande vya kila nguo vikiwa vimebanwa kwenye ubao, tukavipitisha chini ya kila rangi aliyokusudia kuitumia, tukaandika kwenye daftari kilichoonekana. Buluu ya usiku ikapunguzwa na kuchanganywa na mwanga mweupe, na damu ikaondolewa kabisa, jambo ambalo mimi nililitaka tangu mwanzo kwa sababu ya bendera.

Watu wa zamani walilijua hili bila LED. Mwaka 1888, katika ukumbi wa Lyceum jijini London, Ellen Terry aliigiza Lady Macbeth akiwa amevaa gauni lililobuniwa na Alice Comyns Carr na kushonewa magamba ya mbawa za mende wa kijani wapatao 1,000. Lyceum ya wakati huo iliangazwa kwa gesi na kwa chokaa iliyounguzwa hadi ikatoa mwanga mkali mweupe. Kijani cha mbawa hizo si rangi ya kutiwa. Ni umbo la gamba lenyewe linalovunja mwanga, kwa hiyo kila alipogeuka gauni lilimeta upya. John Singer Sargent alimchora akiwa amelivaa mwaka 1889. Wahifadhi walipolikarabati gauni hilo karibu miaka 120 baadaye walilifanyia kazi kwa saa 1,300. Ninalikumbuka kila ninapoambiwa kwamba fundi nguo amalize kwanza halafu aitwe fundi taa.

Narudi mtoni.

Jibu lilikuwa kwenye ushuhuda wenyewe wa wazee na nilikuwa nimeupita mara kumi bila kulisoma: waliojua kuogelea walipiga mbizi wakamtafuta. Kama walipiga mbizi, walilowa. Kama walilowa na hawakumwona, walikaa ukingoni wakimsubiri, wakiwa wamelowa. Kwa hiyo sikuhitaji kumkausha Kinjeketile. Nilihitaji kuwalowesha wengine.

Tulichagua vijana sita. Wote niliwavisha kaniki, kwa sababu merikani ikilowa huonyesha ngozi na kumwondolea mtu heshima yake mbele ya watu, ilhali kaniki ikilowa huzidi kukolea, hunata mwilini na kupata mng'ao mzito. Jaribio la kwanza la maji matupu lilishindwa kwa njia mbili. Sakafu ya mbao iliyopakwa rangi ikawa utelezi, na kijana mmoja aliingia jukwaani kwa mgongo. Vilevile nguo zilianza kupauka kwa kukauka kabla ya asubuhi ya mchezo kufika, maana kati ya kuzama na kutoka kulikuwa na dakika kumi na mbili za maombolezo. Tukatandika turubai la rangi ya udongo na kumwagia mchanga juu yake, jambo ambalo lilitupa ukingo wa mto bila kuuchora. Kwenye maji tukachanganya gliserini, ile ya duka la dawa, ambayo huzuia maji kukauka upesi na kuyafanya yakae kwenye ngozi kama matone. Mwanzoni vijana walilalamika kwamba wananata. Baadaye walilalamika kwamba wanaganda, kwa kuwa ukumbi ulikuwa na kiyoyozi kisichozimika, na ule mtetemeko wao ukingoni ambao watazamaji waliusifu haukuwa wa kuigiza.

Kinjeketile mwenyewe nilimvisha shuka ya merikani. Nilipika uji mwepesi wa muhogo, nikauchuja kwa kitambaa mara mbili, nikaitia shuka kanji kama zilivyokuwa zikitiwa kanzu za Ijumaa, nikaipiga pasi ikiwa na unyevunyevu bado hadi ikasimama yenyewe. Nyuma ya jukwaa alikaa nayo ikiwa imetundikwa, haruhusiwi kuivaa wala kuketi, hadi dakika moja kabla ya kutoka. Alipotoka, wale sita walikuwa wamechuchumaa, nguo zimewaganda, maji yakidondoka kutoka kwenye pindo na kuingia mchangani. Ukumbi ulikuwa kimya. Akapiga hatua ya kwanza, na shuka ikalia. Kanji ikikauka vizuri, kitambaa husugua kitambaa na kutoa sauti ya karatasi mpya ikikunjwa. Hatua ya pili, ikalia tena. Hadi safu ya nyuma kabisa watu walisikia kwamba nguo ni kavu kabla hawajaiangalia. Yule mwigizaji aliyepangiwa kumgusa na kushangaa aliambiwa anyamaze, na sina hakika kama alinisamehe.

Nyuma ya jukwaa palikuwa na mpaka. Kushoto palikuwa na ndoo nne za maji yenye gliserini, makopo ya kumwagiana na matambara ya kufutia sakafu. Kulia palikuwa na pasi, shuka ya kanji na maleba yote yasiyopaswa kulowa. Vijana wakaupa upande wa kushoto jina la Masika na wa kulia Kiangazi, na baada ya siku mbili hata mwongozaji alikuwa akipiga kelele kwamba nani amepitisha ndoo Kiangazi. Kila mmoja alikuwa na msumari wake ukutani wenye namba, na chini ya namba niliandika mpangilio wa nguo zake kwa zamu, cha kuvaliwa kwanza kikiwa juu kabisa. Taa ndogo ya buluu iliyofunikwa ilitosha kusoma namba bila kuvujisha mwanga jukwaani.

Ugumu ulikuwa kwenye askari. Vijana watano waliokuwa wanakijiji walipaswa kurudi wakiwa askari wa Kijerumani baada ya chini ya dakika moja: kaki, mkanda, vitambaa vya kuzungushia miguu, na tarbushi yenye kifuniko cha kaki. Gundi ya nguo inayobanduka sikuitaka, kwa sababu hulia kraa na hadhira huisikia. Fundi mzee alizishona koti zile zikiwa wazi mgongoni na lastiki shingoni, vifungo vya mbele vikiwa vya uongo, na zile nguo za miguuni akazigeuza kuwa soksi ndefu zilizoshonewa mistari. Kaniki za chini alizifunga kwa bandi tu, uzi mmoja mrefu wenye fundo upande mmoja. Msaidizi anavuta fundo, nguo yote inaachia. Nilimweleza kwamba kabuki nao wana ufundi huo huo wa kuvuta uzi ili nguo ya juu ianguke na ya chini itokee mbele ya macho ya watu. Akasema kama Wajapani nao wanapiga bandi basi ni watu wa maana.

Tarbushi zilikuwa za boksi. Usiku wa kuamkia onesho la kwanza mtu fulani, ambaye hakuna aliyewahi kukiri kuwa ni yeye, aliziacha Masika. Asubuhi nilizikuta zimekaa kama vitumbua vilivyokosa hamira. Tulikuwa na saa sita. Fundi aliniangalia, akaenda nyuma ya banda lake, akarudi na makopo ya plastiki ya rangi za nyumba, ya lita 4, ambayo mzunguko wake karibu unalingana na kichwa cha mtu mzima. Tukayakata, tukayafunika kaki, tukashonea kishungi. Yalikuwa imara kuliko ya boksi, yalikuwa na joto mno, na askari wote watano walitoka jasho la kweli, ambalo kwa askari wa koloni anayetembea juani si kosa.

Maonesho matatu ya ukumbini yalikwenda salama. Kisha tukaalikwa kuigiza kwenye uwanja wa shule moja nje ya mji, saa tisa alasiri, jukwaa likiwa chini ya mwembe ambao kivuli chake kilikuwa kimeshahamia upande wa pili. Hapakuwa na pazia jeusi wala taa. Kaniki zote, hata za fungu la kwanza, zilifichua ubuluu wao juani, na zile za kutu zilifanana na ardhi kiasi kwamba walioketi chini walipotea tena, safari hii kwa sababu nyingine. Hilo nililivumilia. Kilichonishinda ni jua. Wale sita walitoka mtoni wamelowa chepechepe, wakaanza maombolezo, na kufika dakika ya saba nilikuwa naona mvuke ukiwatoka mabegani. Kinjeketile alipotoka na shuka yake ikilia, aliwakuta wenzake wote ni wakavu kuliko yeye, kwani yeye alikuwa ametoka jasho nyuma ya turubai kwa kusubiri na kanji ilikuwa imeanza kulegea kwapani.

Tuna onesho jingine la wazi mwezi ujao. Nimeongeza gliserini mara mbili, ndoo zimekuwa sita, na nimemwomba mwongozaji ayafupishe maombolezo yawe dakika nne.